Paswedi kwa Shikamoo

Jumatatu, 8 Agosti
Kiti kile kile, nje ya stesheneri ya binti yangu Zuhura, hapa Bagara. Ati nalinda mlango. Leo nimebuni mchezo: kijana akiniamkia vizuri, namnong'oneza paswedi ya intaneti ya duka. Shikamoo kumi na moja kabla ya saa sita. Tangu nizaliwe sijaheshimiwa hivi.

Jumanne, 9 Agosti
Wamekuja hadi vijana wa mtaa wa Maisaka. Mmoja kapiga goti, mnafiki. Wamejaa ukutani wanatazama mpira kwenye simu. Zuhura analalamika mtandao mzito. Nikamwambia ni mawingu. Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 11 Agosti
Mtandao unakokota miguu. Wateja wawili wameondoka wakisonya. Nilitaka kusema. Nikaona aibu.

Ijumaa, 12 Agosti
Siku ya mwisho ya fomu za chuo cha ualimu. Paulina, msichana kutoka Singe, alikuja saa nne na vyeti vyake kwenye mfuko wa rambo. Fomu ikafika ukurasa wa mwisho, ikaganda. Zuhura akaanza naye upya. Ikaganda. Nikawafukuza vijana kwa fimbo, wakahamia nyuma ya ukuta. Kubadili paswedi anajua fundi tu, na fundi yuko Arusha. Paulina akakimbilia duka jingine, foleni hadi barabarani. Saa kumi maombi yakafungwa, zamu yake haijafika.

Zuhura akauliza, "Baba, paswedi umempa nani?"

"Wote walioniamkia."

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 13 Agosti
Fundi amekuja. Kakuta simu arobaini na tatu kwenye njia moja. Hapo hata mimi wa darasa la nne nimeelewa: kundi zima la ng'ombe kwenye birika moja, ndama hanywi. Ametenga: mashine za kazi na njia yake, wageni na yao nyembamba. Paswedi mpya, na mzee haambiwi. Modemu ya laini nyingine ipo kabatini, kwa siku mtandao huu ukikwama. Zuhura kabandika tangazo: leteni fomu mapema, msingoje siku ya mwisho. Kazi yote asubuhi moja. Ningesema mapema, fundi angeitwa mapema. Mjinga mimi.

Jumapili, 14 Agosti
Nimekwenda Singe kwa miguu. Paulina na mama yake walikuwa uani wanapukuchua mahindi. Nikaeleza yote, bila mzaha. Mama hakuinua macho.

Paulina akasema, "Mwaka mzima, babu."

Akanisogezea kigoda. Tukapukuchua, watu watatu, mpaka gunia likajaa.