Geti la Mlimani

Mama, shikamoo. Huku Croydon mvua haijakatika wiki nzima. Picha hii ninayokutumia nimepewa na Bwana Alec, yule mzee wa Kiskoti ninayemtunza. Hiyo barabara unayoiona inapita katikati ya milima ya kwao, na ujanani kazi yake ilikuwa kuifunga kwa geti kila dhoruba ya theluji inapokuja.

Leo asubuhi, nikimlisha uji, nilimuuliza kama dhoruba hizo ziliua watu. Akasema zimeua tangu enzi za babu yake: wachungaji, wasafiri, mpeleka barua mmoja.

"Na mdogo wangu," akaongeza.

Mke wa huyo mdogo wake alishikwa na uchungu upande wa pili wa mlima, na geti lilikuwa limeshafungwa. Mdogo wake akamsihi: "Kaka, nifungulie, nitapita haraka." Akamfungulia. Gari lilipatikana siku ya nne, limefukiwa mpaka juu ya paa, naye yumo ndani kama amelala. Mtoto alizaliwa salama, wa kike.

"Anajua?" nikamuuliza.

"Anajua baba yake alipita kabla sijafunga. Ndivyo nilivyowaambia wote."

Binti huyo ndiye anayekuja kila Jumapili na keki. Leo amekuja. Mzee alimshika mkono, akafungua mdomo, kisha akaomba chai. Nikaenda kuichemsha, nikakaa jikoni makusudi. Niliporudi walikuwa wanazungumzia mvua.

Jifunike vizuri, mama, na umwombee huyu mzee.

Mwanao akupendaye,
Tumaini