Frein ya papa Abi mu virage ya Makomeno

Mama Lévi, basoda karibu bapige papa Abi risasi leo asubui! Juu ya frein, breki ya motoka! FREIN!

Unajua tangu Goma ianguke mu mikono ya waasi, mizigo yake ya biashara haitembee tena. Yeye iko anashinda na jeu ya mutoto wetu Abi, ule muchezo ya motoka na volant, usukani, mu ordinateur. Inachoraka laini ya kuonyesha kila muntu anakanyaga frein wapi. Abi anamucheka: "Papa, unakanyagaka mbali sana na kona ya virage. Ona laini yangu: ninakawia, ninakanyaga nguvu, kisha ninaachilia polepole niko ndani."

Basi leo papa yake akajaribu na motoka ya kweli hapa Makomeno, Abi kando yake. Mutoto anapiga kelele, "Papa, frein!" Yeye: "Bado!"

BADO, mama Lévi!!

Kumbe nyuma ya virage basoda bamefunga kamba ya barrage. Motoka ikasimama, kamba juu ya capot, kifuniko ya injini. Bunduki tatu. Chef yao akasoma jina mu kitambulisho: "Kasereka? Uko wa Goma? Unakimbia wapi, muzee?"

"Hapana, chef. Niko najifunza virage."

Na zile mvi zake!

Abi akaonyesha laini zao za jeu mu telefone. Chef akaangalia, akaangalia. "Mutoto anakushinda hivi? Rudi nyuma. Pita tena, na frein yako ya zamani."

Akamupitisha mara tatu! Basoda banacheka mpaka banashika tumbo. Ya tatu njo chef akashusha kamba: "Sasa umejua. Pita."

Papa Lévi naye anachezaka ile jeu, usinifiche. Mwambie kwa virage ile aanze kukanyaga frein toka kwa mulango yenu.