Kaka Barasa, Nimewaambia Sauti Ilikuwa Yangu

Mpendwa Kaka Barasa,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, Jumanne, saa ambazo kwa kawaida ningekuwa kazini. Najua karatasi hii haitakufikia huko uliko. Lakini jambo hili nimelizungumza na Mungu kwa muda mrefu, na sasa nimelizungumza na watu pia, na sioni haki wote wasikie isipokuwa wewe. Acha na wengine wasome. Wako wanaofanya kazi yetu leo na wanaweza kukosea vile nilivyokosea.

Wewe ulikuwa dereva, ukipeleka dawa na wauguzi kule Sudan Kusini ambako watu walikuwa wakipigana. Mimi nilikuwa Lavington, Nairobi, kwenye kile chumba nyuma ya jikoni katika nyumba iliyogeuzwa ofisi ya shirika letu, na redio mezani na ramani ukutani. Kila nusu saa nilikuita, ukaniambia ulipo, nikahamisha pini. Kazi yangu ilikuwa hiyo: kujua mko wapi, na kuhakikisha hakuna mwingine anayejua.

Wewe ndiwe uliyenifundisha. Nilifika pale mjane mwenye watoto watatu, darasa nililoacha ni la kidato cha pili, na sauti ya kwaya. Ulisema sauti inatosha, mengine tutasoma. Siku moja ulinitoa hadi pale magari yanapoegeshwa, ukanipa fagio, ukasema mimi ni askari kwenye kizuizi. Ukaja na gari polepole, ukashusha kioo, ukavua miwani, ukaweka mikono yote miwili juu ya usukani, ukanisalimia wewe kwanza kabla sijafungua mdomo.

"Shuka!" nikakuambia.

"Afande, nitashuka, lakini nikuulize kwanza, watoto hawajambo?"

Nikashindwa kujizuia. Ukasema, "Wewe ni askari mbaya, unacheka. Lakini umeona? Huyo mwenye bunduki pia ameacha watu nyumbani. Ukimkumbusha, anakumbuka."

Na ile siku ya River Road, tulipotumwa kuchukua stika za magari, zile za bunduki iliyochorwa mstari mwekundu. Mwenye duka, yule mzee Singh mwenye kilemba cha bluu, aliigeuza stika akauliza, "Hii ni ya kanisa lenu?"

"Hapana mzee," ukamjibu, "ni ya gari. Inasema ndani hakuna bunduki na hairuhusiwi kupanda."

"Na mwenye bunduki akitaka kupanda?"

"Anaiacha nje, kama viatu msikitini."

Yule mzee alicheka mpaka akatuongezea stika sita. Nakumbuka tulitembea kurudi hadi kituo cha basi cha Kencom tukiwa na hizo karatasi kwapani, ukanieleza kwamba stika haizuii risasi, kinachozuia ni watu wa kule kuamini kwamba hatuna upande. Ulisema hiyo imani hujengwa kwa miaka na inaweza kuvunjwa kwa asubuhi moja.

Mimi ndimi niliyeivunja, Kaka.

Redioni tulitakiwa kutumia majina ya siri peke yake, tuliyoyaazima Nairobi. Kituo cha afya tulikiita Jamhuri, uwanja wa ndege Lavington, daraja River Road. Ulikuwa ukiniambia, "Mama Neema, nimetoka Jamhuri, River Road kuna jam," nami nikajua darajani pamejaa wanajeshi. Lakini sisi Wakenya tulikuwa na tabia yetu moja. Jina la siri likikosekana, tulihamia Kiswahili. Wazungu wanasema Kiingereza, wenyeji wana lugha zao na Kiarabu, sasa nani atatusikia? Tuliona Kiswahili ni kufuli na funguo tunazo sisi tu.

Asubuhi ile ulikuwa njiani na muuguzi Achol na maboksi ya dawa. Wazee wa kule waliotuombea ruhusa ya kupita walituma habari kwamba barabara ya shule si salama, mpitie ya mto. Barabara ya mto haikuwa na jina la siri kwa sababu hatukuwahi kuitumia. Utaratibu ulisema nikurudishe kambini upewe ujumbe kwa maandishi. Nikaona hiyo itakula siku nzima, na wagonjwa wanangoja. Basi nikakuambia kwa Kiswahili safi, na maneno hayo nayajua kama sala: "Kaka, wazee wamesema msipitie shule, mpitie barabara ya mto. Na hizo dawa mtafika nazo saa saba."

Ukajibu kwa maneno matatu tu, "Sawa, Mama Neema." Maneno hayo matatu nimeyasikia miaka yote.

Kilichofuata ulinisimulia mwenyewe baadaye. Karibu na mto, vijana watano wenye bunduki walikuwa wamekaa juu ya mti walioulaza barabarani. Ulishusha kioo, ukavua miwani, ukaweka mikono kwenye usukani. Kabla hujawasalimia, mmoja wao akakuwahi:

"Sasa, buda. Mathe wa redio alisema saa saba. Mbona mmechelewa?"

Kiswahili cha Kenya kabisa, cha vijana wa mtaani, buda kwa mzee na mathe kwa mama. Alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi huku kwetu, amesoma hapa, na amerudi. Wako wengi waliorudi hivyo, na wengi wao ni watu wema. Wauguzi wetu wawili walikuwa miongoni mwao. Sisi tulijua hayo yote, tukala nao, tukaongea nao Kiswahili mezani, halafu tukarudi redioni tukakiita siri. Hilo ndilo kosa ambalo hadi leo sijui tulilifanyaje.

Walichukua dawa. Walichukua gari. Wewe na Achol mlikaa nao siku nne. Siku hizo nne nilikuwa kwenye kile kiti, nikiita kila nusu saa mtu asiyejibu, kwa sababu utaratibu unasema usiache kuita. Nilifunga, nikaomba, na nikamwambia Mungu ukweli kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Wazee wale wale walikwenda wakawatoa. Mlirudi wazima, lakini ile njia ilifungwa. Kituo cha afya kikakaa bila dawa zetu muda mrefu sana, na waliokufa kwa hilo hakuna aliyewaandika popote.

Wachunguzi wawili walikuja na swali moja tu: wale vijana walijuaje? Nilikuwa nimejiandaa kusema. Lakini wewe walikuuliza kwanza, ukawaambia kwamba ulisimama kunywa chai kwenye kibanda ukaropoka safari yako kwa watu usiowajua.

Nilikuja kukuona kwa dada yako pale Jamhuri yenyewe, hapa Nairobi, ulipokuwa ukipumzika. Tulitembea kando ya ukuta wa uwanja wa maonyesho. Nikakuambia kesho naenda kusema.

"Usiende," ukasema. "Mimi nimeshasema."

"Kaka, umesema uongo."

"Nimesema neno moja. Wewe wakikufukuza, wale watoto watatu watakula nini? Mimi wataniondoa safari za mbali, basi. Na nimechoka nazo. Ukienda sasa tutakuwa waongo wawili, na kazi tumekosa sote."

"Na Mungu?"

"Huyo alikuwa akisikiliza redio. Hahitaji ripoti."

Nikacheka, na katika kucheka huko nikakubali. Sikuwahi hata kukuomba msamaha. Ulikuwa umeshanipa, ukabadilisha mazungumzo ukaanza kulalamikia matatizo ya dada yako na maji.

Wakakuweka kuendesha wageni kutoka uwanja wa ndege, wewe uliyekuwa ukipita mahali ambapo magari ya wakubwa yalirudishwa. Hukunung'unika mbele yangu hata siku moja. Kisha ukastaafu, figo zikaanza kuugua, na mwaka juzi tukakuzika. Niliimba kaburini. Watu walisema nimeimba vizuri.

Sasa sikia yaliyotokea.

Binti yako Nekesa ameajiriwa na shirika letu. Ni muuguzi, ana mwendo wako na maswali ya mama yake. Ile njia ya mto imefunguliwa tena baada ya mazungumzo marefu, na yeye alipangwa kwenye gari la kwanza, Jumatatu. Kabla ya safari wote hupita kwenye mafunzo ya Madam Farida, mkuu wetu wa usalama. Hukumkuta kazini. Ni mtu wa Nairobi hapa hapa, babu yake alikuwa na duka la vitambaa Biashara Street, na ni makini sana. Katika mafunzo hayo ana picha moja ya kikombe cha chai ukutani. Anasimulia kisa cha dereva aliyeropoka kibandani akashikwa siku nne, hataji jina. Kila kundi hucheka. Mimi huwa napeleka daftari la majina, nasimama mlangoni, naondoka kabla ya kicheko.

Safari hii kicheko kilinikuta. Na Nekesa alikuwa ameketi mbele, hacheki.

Wakati wa chakula akanifuata. "Anti, yule dereva ni baba?"

Nikalifunga daftari la majina.

"Maana siku nne ni zile zile. Lakini baba hakuwa anakunywa chai safarini. Alikuwa anaogopa kutafuta choo porini kwenye mabomu yaliyofukiwa. Mimi najua hiyo, mama anajua hiyo. Ni nani alisema alikunywa chai?"

Nikamwambia nina kazi, nikakimbilia chumba cha redio kama mwizi. Na huko ndiko Mungu alikokuwa akinisubiri. Wambui, msichana ninayemfundisha, alikuwa anaongea na gari lililo njiani. Jina la siri lilimpotea. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akatabasamu, akabonyeza: "Skiza, mkimaliza hapo pitieni kwa soko, wale wa chanjo wanawangoja."

Kwa Kiswahili. Kwa sauti tamu, kama yangu.

Nikamuuliza, "Nani alikufundisha hivyo?"

"Si wewe, Mama Neema? Ulisema ukikwama, Kiswahili."

Kaka, hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimedhani uongo wako umekugharimu wewe tu, na kwamba deni hilo ni kati yetu na Mungu. Kumbe kwa sababu ripoti ilisema chai, walirekebisha mambo ya chai. Madereva wakakatazwa vibanda. Redio haikuguswa na mtu. Ule mlango nilioufungua asubuhi ile umebaki wazi miaka yote, na Jumatatu mwanao angepita hapo hapo, na Wambui akiutaja mto redioni kwa Kiswahili.

Nilikwenda kwa Madam Farida siku hiyo hiyo. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Alivua miwani. "Miaka yote hii nimekuwa nikifundisha uongo, na wewe ulikuwa mlangoni?"

"Ndiyo, Madam."

"Na watu wangu wameongea Kiswahili kwenye redio muda huo wote."

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Alichukua simu akasimamisha kila gari mahali lilipo. Kisha akasema, "Kesho utakiondoa kile kikombe wewe mwenyewe, na utawaambia kwa nini."

Ndivyo nilivyofanya. Nilisimama mbele ya darasa, nikawaambia dereva hakuropoka popote, sauti iliyoropoka ilikuwa hii wanayoisikia. Nikataja jina lako lote, la baba yako na la babu yako. Hakuna aliyecheka. Nekesa alisubiri nimalize.

"Kwa hivyo baba alikufa akiitwa mropokaji," akasema, "na wewe ulikuwa ukija kwetu kila Krismasi na keki?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Akatoka. Sikumfuata. Ningemfuata, ningekuwa naenda kujitetea.

Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka waamue. Ripoti yako itaandikwa upya, Madam ameniahidi, na mkeo atapewa nakala. Orodha ya majina ya siri imepanuliwa, kila njia ina jina, hata zile zisizotumika, na kutaja mahali kwa Kiswahili kumepigwa marufuku redioni kama kwa lugha nyingine yoyote. Wambui ameandikiwa karatasi, ukikwama, rudisha gari. Waliongezewa siku mbili za mafunzo wajifunze majina mapya, na Jumatatu, kama ilivyopangwa, waliondoka.

Jana, basi, nilikaa kwenye kiti cha jikoni bila redio. Sijawahi kujua hali ya wale wanaongoja nyumbani, mkeo alikuwa akiijua. Hujui uombee kilomita ipi. Saa tisa simu ikalia.

"Mama Neema, wamefika."

"Asante Yesu. Wamefika wapi? Kituoni, ama bado wako ng'ambo ya mto? Walipitia ile..."

"Mama Neema."

"Niambie tu, Wambui, ni mimi."

"Hiyo siwezi kukuambia."

Na akakata. Msichana wangu mwenyewe, niliyemfundisha kubonyeza kile kitufe. Niliweka simu mezani nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu, nikashukuru kwa kunyimwa.

Nekesa hajaniongelesha, na simuombei afanye haraka. Wewe ulinisamehe kabla sijafungua mdomo, na nililala juu ya huo msamaha miaka mingi mno. Yeye ananifanya ningoje. Nitangoja, Kaka. Lala vizuri, jina lako limesafishwa mbele ya wale wale waliocheka.

Ni mimi, niliyekuwa nikikuita kila nusu saa,
dada yako wa redioni.