Udongo Usio na Mwenyewe

Jumanne, 14 Machi 2023
Mashine imefika kabla ya saa mbili. Ni maikrowevu ya jikoni iliyokua ikalizidi trekta linaloivuta! Imepita polepole, mara mbili kila tuta, ardhi ikifuka mvuke kama sufuria ya wali. Fundi Bang akachomeka kipimajoto: nyuzi themanini. Vijidudu vinavyoozesha mizizi vimekufa. Vile vyema vimekufa navyo. Akaonya viatu na majembe ya shamba la zamani visiingie humu. "Udongo huu sasa hauna mwenyewe. Atakayetangulia kuingia ndiye atakayetawala."

Deok-su, mume wangu, ameapa: kipande hiki ni cha mwisho. Jinsengi, mizizi yetu ya dawa, ikioza tena, tunauza na kuhamia mjini Daejeon.

Jumatano, 29 Machi
Tumepanda miche. Majembe mapya, ndoo nimezisugua mwenyewe. Mama mkwe alivua viatu akinung'unika kwamba shamba limegeuka hospitali.

Alhamisi, 6 Aprili
Siku ya kutengeneza makaburi. Tumelijazia udongo la baba mkwe, pembeni mwa shamba la zamani — lile lililooza. Saa kumi jioni nikamkuta mama mkwe kwenye matuta mapya, miguu mitupu, karai mkononi, ananyunyiza.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Udongo wa baba yenu. Kila shamba jipya la ukoo huu huonjeshwa udongo wa lile la kwanza. Nyinyi mmepanda kimyakimya kama wezi. Na usinitolee macho, mama Seul-gi. Viatu nimevua."

Nimeukwangua udongo ule kwa kijiko mpaka mvua ikanifukuza. Deok-su sijamwambia. Ni mama yake.

Jumapili, 7 Mei
Tuta la tatu — majani yalisinyaa adhuhuri. Jioni yakasimama. Labda joto.

Jumanne, 9 Mei
Si joto. Nimeng'oa mche mmoja: mzizi mweusi, unateleza. La tatu, la nne, la tano — njia ileile aliyopita mama mkwe na karai. Kwingine kijani kabisa.

Jumatano, 10 Mei
Deok-su ameona. Asubuhi nzima anaitukana mashine. Akampigia Bang pale jikoni, spika imewashwa. Bang hakubishana. Aliuliza tu kama kuna udongo wowote ulioingia kutoka nje.

"Hakuna. Muulize mke wangu, yeye kasugua hadi ndoo."

Simu ikasukumwa mbele yangu. Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu saumu. Kisu kikasimama. Nikasema mtandao unakatika, nikakata simu.

Baadaye Bang katuma ujumbe: anakuja kesho saa tatu kuchukua udongo akapime. Deok-su anasema atamshtaki.

Sasa hivi mama mkwe ameniletea tufaha. Kalimenya mwenyewe, vipande vidogo vidogo. Miaka kumi na miwili nyumbani humu, hajawahi kunimenyea tunda. Sahani iko hapa mezani — sijaigusa, na bado amesimama mlangoni.