Udongo wa Papa Haupandi Ndege

Maman wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Australia. Unaendeleaje? Mguu wa kushoto bado unauma, au ile dawa ya kuchua uliyoletewa kutoka Bukavu imesaidia? Na biashara je? Nasikia mvua imezidi, na barabara ya kushuka mpakani, Rusizi ya Kwanza, imekuwa matope matupu. Nakuomba usibebe ndoo mwenyewe, wape wabebaji, ndiyo kazi yao. Sisi huku ni wazima, Mungu asifiwe. Mjukuu wako Rukundo ana meno, anakimbia, na neno la kwanza alilojua kusema ni "hapana". Hiyo ni damu yako, usimtafute mwingine.

Barua hii inaletwa na Papa Simeoni wa kanisa letu, anayekuja Kigali kumwoza binti yake. Utajiuliza, huyu mtoto ana simu, anaandika barua ya nini? Naandika kwa sababu kwenye simu huniachii nafasi. Nikianza tu kusema, unajibu "ndiyo mama, ndiyo mama, nimesikia," halafu unaniuliza kama nimekula. Karatasi huwezi kuikatiza. Yaya Bahati, kaka yangu mkubwa, akusomee yote, polepole, na asiruke mahali anapotajwa yeye.

Maman, ni kuhusu ile sauti uliyonitumia Jumapili. Nilikuwa nimetoka kazini, nimekaa ndani ya gari, sijawasha hata injini. Nikakusikia: "Furaha, mama, sikia. Bahati eko anataka kumwanga simenti kwa kaburi ya Papa yenu mbele nisafiri, anasema nikirudia nikute kazi imeisha. Nimemwambia sawa. Lakini miye nilienda kule kwa kaburi, Gitambi, nikachota udongo kidogo, nikaufunga mu kitambaa. Nitakuja nao. Bote baliweka udongo, ni weye tu haukuweka. Nikifika kwako utaumwanga kule, na roho yako itatulia."

Nililia, Maman. Nililia mpaka mzungu mmoja, mwanamke wa makamo, akagonga kioo cha gari akaniuliza kama mafuta yameniishia. Nikamwambia ndiyo, ni mafuta. Ningemweleza nini? Akataka kunisukumia gari, ikabidi niliwashe mbele yake na kuondoka kwa aibu.

Ulijuaje kwamba jambo hilo bado linanikaa kifuani? Sijawahi kukuambia. Siku Papa anazikwa, tumbo langu lilikuwa la miezi minane na daktari alisema halipandi ndege, basi nikakaa hapa mezani na simu. Yaya Bahati alikuwa amenishikia yake kule makaburini. Niliona sanduku likishuka, nikamsikia pasta akiita watoto wa marehemu waje waweke udongo, mkubwa kwanza. Yaya akaitia simu mfukoni ili ainame achote. Kutoka hapo sikuona kitu, giza la mfuko tu, nikawa nasikia madongo yakianguka, moja baada ya jingine, halafu mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wanapanda magari. Hayo ndiyo maziko ya baba yangu niliyonayo mimi. Mpaka leo naota Papa yuko dukani anatafuta miwani, na ninaamka nikitaka kumpigia simu nimwambie iko wapi.

Kwa hiyo naelewa ulichofanya, na nakushukuru kwa magoti yote mawili. Lakini hapana, Maman. Udongo huo usije nao.

Sikia vizuri sasa. Serikali ya huku inaogopa udongo wa nchi nyingine kuliko unavyoogopa wewe polisi wa mpakani. Wanasema una wadudu na magonjwa ya kuua mashamba yao. Uwanja wa ndege watakuuliza umebeba nini. Ukificha na wakaupata, wanaweza kufuta visa yako palepale na kukurudisha, hujaona hata mlango wa nyumba yangu. Ukisema ukweli, utapita salama, lakini udongo watauchukua, watautupa kwenye pipa lao, wauchome pamoja na maganda ya machungwa ya watu. Udongo wa Papa, Maman. Kati ya hayo mawili mimi siwezi kuchagua.

Na usinijibu "ndiyo mama, nimesikia". Hiyo "ndiyo" yako naijua tangu naenda shule. Nimekuona pale kwenye daraja nikiwa nimeshika pindo la kikwembe chako, umevaa bikwembe vitatu na kati ya cha kwanza na cha pili kuna sabuni, na kati ya cha pili na cha tatu kuna sukari, unamtazama mtu wa duwane, wa ushuru, usoni na kumwambia, "Hakuna kitu, chef, ni chakula ya batoto tu." Na anakupisha! Hiyo sabuni na sukari ndiyo iliyonisomesha, sikatai. Ila huku hawatumii macho, wanatumia mbwa. Mama yake Maman Neema, jirani yetu, alitoka Uvira na ndakala, dagaa wakavu, wamefungwa ndani ya soksi za mtoto. Mbwa akaja, akanusa valizi, akakaa chini. Yule mzee akafurahi, akasema hata mbwa wa huku wana heshima, wanakaa kusalimia wageni. Akamsalimia! Kumbe ndivyo mbwa anavyosema, yuko hapa, mkamateni. Walimweka chumbani saa nyingi, analia, hajui Kiingereza, Maman Neema yuko nje na maua mkononi. Walimwachia kwa bahati tu.

Sasa nikawaza, nikikukataza utafanya nini? Utanyamaza, utasema sawa, na ule udongo utaufunga kwenye ncha ya kikwembe, kwenye nywele, ndani ya Biblia, najua mimi. Na mbwa atakuja kukukalia. Usiku mzima niligeuka kitandani, na asubuhi nikawa nimeshaamua. Udongo hauwezi kunifuata mimi. Basi mimi nitaufuata.

Nakuja, Maman. Kwanza nakuja mimi, ndipo wewe unakuja huku, na tutakuja pamoja.

Haikuwa rahisi kupata ruhusa. Unajua nafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka ya hospitali. Msimamizi wetu, Madame Rosa, si mtu mbaya, ila neno "ruhusa" linamuuma kama jino. Nilimfuata penye mashine za kukaushia na Kiingereza changu cha kufulia nguo. Nikamwambia, nataka mwezi wa saba wote. Akasema haiwezekani, watu ni wachache. Akaniuliza ni kwa ajili ya nini. Nikamwambia, kumzika baba yangu.

Akanitazama. "Si alifariki kabla mtoto hajazaliwa?"

"Ndiyo. Walimzika wao. Mimi bado sijamzika."

Akasema pole, lakini hapana. Kesho yake nikarudi, akasema hapana. Siku ya tatu aliponiona natokea akageuka kuelekea chooni, nikamngoja mlangoni. Alipotoka akacheka mwenyewe, akaniuliza kama ndivyo tulivyo wote kwetu. Nikamwambia bado hajamwona mama yangu. Tukaelewana: nitafanya Jumapili zote mpaka Pasaka, na Pasaka yenyewe, halafu mwezi wa saba ni wangu. Kwa hiyo ukinisikia nasinzia kwenye simu, usianze kuomba maombi ya kufukuza mapepo, ni mashuka.

Mukwe wako naye alipinga mwanzoni. Alikuwa ameshapanga usafiri na Papa Simeoni akirudi, kila kitu tayari. Akaniambia, "Maman Rukundo, tubadilishe mupango yote juu ya udongo?" Nikamjibu, ndiyo, juu ya udongo. Unamjua, yeye alitoka Uvira usiku akiwa mtoto, na kaburi la mama yake hajui liko wapi. Baadaye nikamkuta amembeba Rukundo dirishani. Hakugeuka, akasema tu, "Basi uende na mutoto. Koko wake mwanaume, Papa yako, hakumuona." Asubuhi akapiga simu mwenyewe kubadilisha tarehe. Visa yako niliiulizia pia, bado itakuwa na nguvu.

Kwa hiyo mpango mpya ni huu, na si wa kujadili. Papa Simeoni akirudi, hutasafiri naye. Mwezi wa saba, jua likiwa limekausha barabara, nitafika Kigali na mtoto. Usije kunipokea, mguu wako haufai kwa kona za msitu wa Nyungwe, na najua utataka kuja. Ungoje nyumbani Kamembe. Nilale kwako, nilale tena, nile. Halafu twende Gitambi, mimi na wewe na Yaya na huyu mtoto mwenye jina la Papa. Nataka nichote mwenyewe, kwa mkono wangu, nimwage mwenyewe. Sitaki mtu anishikie simu. Tukimaliza hapo tutarudi tupumzike, tutafunga valizi, na tutapanda ndege ya Australia watatu, wewe upande wa dirisha.

Valizi yako iwe na nguo za baridi, Biblia na bikwembe. Basi. Samaki wa sambaza hapana. Mbegu za mboga ya lengalenga hapana. Asali hapana. Na yule kuku, jamani Maman, kuku! Unasema huwezi kuja kwa mtoto wako mikono mitupu, kwamba hujanihemba, hujaniletea uji na maziwa ya mzazi. Nakuelewa. Lakini mzazi gani tena? Mtoto aliyezaliwa ananipandia mezani! Kama ni kunihemba, unihembe hapo kwako kabla hatujaondoka. Nipikie sombe, nipikie sambaza kwa pilipili, uji wa mtama uujaze kwenye kikombe kile kikubwa. Nitakula vyote mbele yako mpaka uniambie imetosha, kitu ambacho hujawahi kumwambia mtu. Huku utakuja na mikono mitupu na hakuna atakayekucheka, maana kila siku nitakuwa kazini na mikono hiyo itakuwa imemshika Rukundo. Na huyo mume wako mdogo anakusubiri. Nikimwonyesha picha yako anaibusu kioo chote, sasa simu yangu inanuka ndizi.

Usiogope safari. Najua unasema kwa watu kwamba huogopi, lakini mke wa Yaya ameniambia unaamka usiku na kuuliza ndege inapita juu ya maji kiasi gani. Ni mengi, sikudanganyi. Nitakushika mkono juu ya yote.

Nisalimie mke wa Yaya, kwa uvumilivu wake na kwa siri zake anazoniletea. Nisalimie mama mdogo kule Bugarama, mwambie mashine ya mpunga isimmalize masikio, nikifika nataka tuongee bila kupiga kelele. Wamama wenzako wa mpakani wote, hasa yule aliyekubebea mzigo siku za matanga ukiwa huwezi kusimama, mwambie sijamsahau na namletea sweta. Pasta mpe mkono wangu, na umwambie nitamhitaji asubuhi moja kule Gitambi, maneno machache tu, hata ya dakika tano.

Na wewe Yaya unayesoma kwa sauti, najua umefika hapa umeanza kukohoa. Sikulaumu. Unataka Papa alale pazuri, na mvua ya Gitambi inateremsha kila kitu. Wewe ndiye uliyebaki, ukafanya kazi za mtoto wa kwanza na zangu mimi wa mwisho, nami nitakuwa na deni hilo la shukrani maisha yangu yote. Lakini nisikilize hili moja. Funika kaburi na turubai, weka mawe pembeni, simenti iache mpaka mwezi wa saba. Ikishakauka sitaweza kuipenya. Maman naye, ule udongo uliofungwa kwenye kitambaa, mpeleke nao Gitambi wiki hii, aurudishe palepale alipoutoa. Usimwachie aseme "ndiyo", nenda naye uone kwa macho yako. Hapo pa kuchota niachieni, hata kama ni mahali pa kiganja kimoja.

Ni mimi, mtoto wenu wa mwisho, ambaye bado hajaweka udongo,

Furaha