Risasi ya Sita

Mjukuu wangu Neema,

Bibi yako hajambo, goti lake limetulia, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Umeniuliza uchague kalibu gani, lile umbo la kumwagia risasi iliyoyeyuka, huko kwenye klabu yenu ya shabaha.

Miaka ya sabini, hapa Kansay, nililinda mahindi kwa gobore. Mjane wa mhunzi alinionyesha kalibu mbili za marehemu mumewe. Moja iling'aa. Nyingine ilikuwa nyeusi, ina mkwaruzo ndani.

"Chukua nyeusi," alisema. "Hiyo haibadiliki."

Nilimwaga risasi tano. Zote zilitoka na mkwaruzo uleule, na mizani ya dukani haikuzitofautisha. Nikagongelea ubao mpya kwenye mgunga niliouchagua mwenyewe, nikapiga zote tano. Ubaoni palikuwa na tundu moja tu. Nikadhani nne zimepotea, nikachimba mtini kwa kisu. Zilikuwa humo, zimefuatana. Nikahesabu sita.

Ile ya ndani kabisa ilikuwa imeota kutu nyeupe, na mti ulikuwa umeshaifunika. Mkwaruzo wake ulikuwa uleule; kumbe ilitoka kwenye kalibu ileile, miaka mingi kabla yangu.

Nilirudisha kalibu siku hiyohiyo. Mama yule hakushangaa. Aliuliza tu, "Pale mgungani?"

Kwa hiyo, chagua inayotoa risasi zisizotofautiana. Ila kwanza uliza ilikuwa ya nani.

Babu yako