Uso Wangu na Sinki la Bafuni

Shoga, nimejifungia bafuni. Sitoki!

Unakumbuka nilivyomwapia mama mkwe kwamba uso wangu ni maji tu na usingizi?

Leo kaiona ile chupa yangu ya asidi ya glaikoliki ya kulainisha uso. Kadhani ni dawa ya sinki! Kamimina yote kwenye yale madoa sugu ya chokaa. Yametoka yote!

Kaja nayo sebuleni, mawifi wote wamekaa: "Mwanangu, hii dawa kiboko! Unainunua wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu huyo: "Mama, hiyo si anapaka usoni!"

Usoni! Mbele ya mawifi!

Mama mkwe akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Kumbe," akasema taratibu. "Maji tu."

Maji tu, shoga.

Na hili sinki linavyong'aa, kila nikiinama najiona.